Mwaka Walipoisifu Divai ya Nadine

Mgeni akifika Stillwell siku ya sherehe ya mavuno, kinachomshangaza kwanza ni matusi. Anawakuta wazee kwa vijana wamejipanga chini ya hema kubwa kando ya ziwa, kila mmoja na gilasi yake, na badala ya kuisifu divai mpya wanaitukana. Huyu anasema inafaa kusafishia madirisha. Yule anasema aliwahi kunywa maji ya betri yaliyokuwa na adabu kuliko hii. Mwenye divai amesimama papo hapo mbele yao, jagi mkononi, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mgeni humwonea huruma, akamsogelea na kumnong'oneza kwamba yeye binafsi ameipenda. Hapo kicheko hukatika, na watu huanza kuangalia viatu vyao.

Huku kwetu divai haisifiwi. Wala bia, wala pai, wala pombe ya tufaha. Kizuri chajiuza, na kama ni kizuri kweli kitastahimili matusi. Ukiona watu wa bonde hili wanakusifu, jua kuna msiba. Orrin Peck, aliyekuwa akitengeneza pombe ya tufaha kule juu kilimani, aliugua saratani akaificha, akadhani ameificha vizuri. Vuli hiyo akaleta pombe yake kama kawaida. Mtu wa kwanza akaionja, akasema, "Nzuri sana, Orrin." Wa pili naye akasema vivyo hivyo. Orrin akaweka jagi chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe nyote mmeshajua," akasema.

Tulimzika kabla theluji haijayeyuka. Na huyo mtu wa pili alikuwa Nadine Teeter.

Nadine hakuzaliwa kwenye divai, alizaliwa chini yake. Mama yake, Hazel, alikuwa mfunga mizabibu. Kila Machi, upepo wa ziwani ukikata masikio, Hazel alitembea safu baada ya safu akiyafunga matawi kwenye waya, vidole vikiwa vimepasuka, akilipwa kwa idadi ya mizabibu. Nadine mwenyewe aliingia kwenye kiwanda cha ukoo wa Covert akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuzipanga chupa zikishajazwa. Siku moja mzee Emmett Covert alikuwa akipita na wanunuzi wawili waliovaa tai, na yule binti akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Samahani, mzee. Lile pipa la pale linanuka mbwa aliyelowa."

Wenye tai wakacheka. Emmett akalinusa pipa, asisikie kitu. Wiki tatu baadaye pipa lilinuka mbwa aliyelowa kwa kila aliyekuwa na pua, na divai yote ikamwagwa mtaroni. Emmett akashuka mwenyewe kwenye chumba cha chupa, akamvua binti aproni, akampa ule mrija wa kioo wa kuvutia divai kutoka kwenye mapipa. Mrija huo ulikaa mkononi mwa Nadine miaka arobaini na saba.

Pua ile ilikuwa mali ya bonde zima. Nadine alijua mvua inakuja kabla ng'ombe hawajajua. Akisimama kwenye mlango wa kanisa aliweza kukuambia nani ameacha nyama kwenye oveni, na nyama gani. Dale, mumewe, aliyekuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, alikuwa akisema hajamdanganya mkewe hata siku moja, na si kwa uaminifu, ni kwa woga. Hawakujaliwa watoto. Dale alikufa kwa moyo, miaka tisa kabla ya haya ninayosimulia, na Nadine aligawa nguo zake zote isipokuwa jaketi moja la kazi. Jaketi hilo lilining'inia kabatini likinukia dizeli, tumbaku na Dale. Siku zikiwa nzito alilifungua kabati, akanusa mara moja tu asije akaimaliza harufu, akafunga.

Sasa kuna Lyle Sprague. Lyle alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Mkewe alipomkimbia na kwenda Florida na daktari wa meno, alistaafu, akanunua jengo la zamani la zimamoto, akaanza kupika bia humo. Bia yake ni chungu mpaka mtu anakunja masikio. Kwa desturi yetu watu wa bia na watu wa zabibu ni watani, kwa hiyo tusi la kwanza la kufungulia sherehe ni haki ya mpika bia, na kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa haki ya Lyle. Matusi yake watu waliyarudia majira yote ya baridi.

"Nadine," aliuliza mwaka mmoja, uso umemkunjamana kama aliyemeza sabuni, "hii umeikamua kwenye zabibu au kwenye soksi za marehemu?"

"Kwenye soksi zako, Lyle. Ndiyo maana haikuhitaji hamira."

Hapo hema lilitaka kuanguka. Wambea walisema wale wawili wangeoana tu wakamaliza. Hawakuoana, na sidhani kama walihitaji. Nadine alianza kutunga majibu yake tangu Julai, akiwa peke yake jikoni, akicheka na sinki.

Na kulikuwa na mchezo wa senti. Divai changa ina maradhi yake, na baya kuliko yote ni kunuka yai viza. Hamira ikikosa lishe ndani ya pipa hutoa uvundo huo. Ukiuwahi ni kazi ndogo, ukichelewa umepoteza pipa. Babu zetu walikuwa na dawa yao: unatumbukiza senti ya shaba kwenye gilasi, unaizungusha, uvundo unapungua. Lakini iwe senti ya zamani, maana za siku hizi ni zinki iliyopakwa shaba juu, hazifukuzi hata nzi. Kila mkulima wa hapa ana yake mfukoni, imesuguliwa mpaka sura imefutika. Na kumtilia mtu senti kwenye divai yake mbele ya watu ni tusi ambalo halina utani ndani yake. Kuna koo mbili hapa hazijasalimiana tangu vita vya Korea kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kila mwaka Lyle aliitoa senti yake, ile yenye pengo pembeni iliyoumwa na feni ya basi, akaibusu, akaishikilia juu ya gilasi, mkono ukitetemeka kwa makusudi. Hema zima lilipiga kelele, "Tia! Tia!" Yeye alihema, akatikisa kichwa, akairudisha mfukoni. Nadine alimpigia goti kama binti mfalme. Baada ya hapo ndipo soseji zilipowekwa motoni.

Februari ile Nadine aliteleza kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba. Barafu. Aliangukia kisogo, akalala pale kitambo akitazama mawingu, kisha akaamka, akajipangusa, akaingia ndani kumalizia kahawa yake. Kahawa haikunukia. Akadhani ni ya zamani, akafungua kopo jipya. Halafu akanusa sabuni. Akanusa siki. Akakata kitunguu, macho yakatoa machozi, lakini puani hakikuja kitu. Kufika adhuhuri alikuwa ameingiza pua katika kila kilichokuwemo jikoni mle. Mwisho akaenda kabatini, akauzamisha uso kwenye jaketi la Dale.

Lilikuwa nguo tu. Hapo ndipo alipoketi sakafuni na kulia.

Daktari wa mjini alimweleza kwamba vile vijishipa vyembamba vinavyotoka puani kwenda kwenye ubongo vimekatika. Huenda vikaota tena ndani ya mwaka, huenda visiote; kwa umri wake asitegemee sana. "Mshukuru Mungu hukuvunjika shingo, mama," akamwambia. Nadine akashukuru kwa adabu, akaendesha gari saa nzima kurudi nyumbani, na njiani akaamua kwamba hatamwambia mtu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Sawa, lakini wahenga hawakuwa na kazi ya pua. Mwanamke huyu hakuwa na shahada, hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto. Alikuwa na pua, na kwa ajili ya pua hiyo watu walimwita kwa jina sokoni. Bila pua alikuwa mjane wa miaka sitini na sita mwenye mrija wa kioo.

Akajifunza kudanganya. Ulimi ulimbakia na mambo yake machache, tamu, chachu, chungu, chumvi. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, na hayo yalikwenda. Alikuwa na madaftari yake ya miaka arobaini na saba, akayasoma usiku na mchana: mwaka wa joto kama huu, zabibu kama hizi, siku ya kumi na mbili pipani zinanukia nini. Na alikuwa na Curtis.

Curtis ni mjukuu wa Emmett, ndiye mwenye kiwanda sasa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye moyo mwema na mikono mizito. Tangu utotoni alimwita Nadine shangazi, ingawa hawana damu moja, na tangu utotoni alitamani amfundishe kunusa badala ya kumwambia tu. Vuli hii ndiyo akapata alichotaka.

"Curtis, njoo. Nusa hii. Unasikia nini?"

"Pichi, Shangazi."

"Na nyuma ya pichi?"

"Asali. Kidogo."

"Nyuma ya asali?"

"Hapo sijui."

"Basi rudi unuse mpaka ujue," Nadine alimwambia, huku akiandika daftarini: pichi, asali kidogo.

Curtis alirudi kwa mkewe kila jioni akiwa amechangamka kama mtoto aliyepewa baiskeli. Na kweli alikuwa akijifunza. Pua yake ilifunguka wiki hadi wiki. Nadine aliona hivyo, na dhamiri ilimchoma, kwa sababu somo lilikuwa la kweli lakini mwalimu alikuwa mwongo.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, walikuwa wakibeba makreti ya gilasi kuyapeleka hemani. Curtis akasimama katikati ya njia.

"Shangazi, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Zamani ulikuwa unaniambia wewe. Nikikosea unanitwanga na kitambaa. Siku hizi unaniuliza tu, unaniuliza tu. Kuna nini?"

Nadine akainua kreti upande wake. "Ni kwamba mimi nimezeeka na wewe bado hujafundishika. Shika upande huo, mgongo unaniuma."

Curtis akashika. Hakuuliza tena siku hiyo, lakini lile swali lilikuwa limeshatoka, halikuweza kurudishwa mdomoni.

Divai ya kufungulia ilikuwa kwenye pipa la sita, zabibu za Delaware, zile ndogo za pinki zinazoiva mapema. Nadine alikuwa amelichagua Jumanne. Curtis alilinusa siku hiyo: pichi, asali, na safari hii nyuma ya asali akasikia waridi, akaruka kwa furaha. Kisha joto lisilo la msimu likaingia bondeni kwa siku nne, na hakuna aliyelinusa tena pipa hilo.

Jumamosi asubuhi Nadine alishuka peke yake kwenye chumba cha mapipa. Akavuta divai kwa mrija, akaiangalia kwenye mwanga wa dirishani. Rangi ilikuwa nzuri. Akaionja: utamu upo, uchachu upo, kila kitu mahali pake. Halafu, kwa mazoea, akaipeleka puani na kunusa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Juu alisikia nyundo. Curtis alikuwa akipigilia vigingi vya hema. Ilikuwa ngazi kumi na moja tu. Angemwita mara moja, angeshuka mbio. Lakini lile swali la jana lilikuwa bado linamwasha masikioni. Akimwita leo tena, siku ya ufunguzi, kwa divai aliyoichagua mwenyewe, Curtis hangeuliza tena, angekuwa amejua. Na senti ya kujihadhari hakuwa nayo. Yake ilikuwa nyumbani kwenye bakuli la vifungo, hakuwahi kuibeba maishani. Pua ya Nadine Teeter kuhitaji senti! Akajaza majagi kumi na mawili, akayafunika kwa vitambaa vyeupe.

Saa tano hema lilikuwa limefurika. Bendi ya shule ilikuwa imeshapiga nyimbo zake tatu inazozijua. Marge Ostrander, mwoka mikate, alikuwa amepanga pai za zabibu nyeusi meza mbili nzima, vitunguu vinakaangwa, mapipa ya bia ya Lyle yamezungushiwa mpira wa maji wa zamani wa zimamoto. Nadine alivaa sweta lake la bluu, lile la sherehe. Alipomimina gilasi za mstari wa mbele alijisikia mzima kwa mara ya kwanza tangu Februari, kwa sababu alijua kinachofuata. Mahali hapa hapakuwa na swali. Hapa palikuwa na matusi, na yeye alikuwa na jibu zuri kuliko yote aliyowahi kutunga.

"Haya, wenye midomo michafu, sogeeni!" akaita.

Lyle akasogea. Akapandisha suruali, akakohoa, akajipangusa sharubu upande huu na upande huu. Watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Akaipeleka gilasi puani.

Akaganda.

Kwa miezi minane Nadine alikuwa amejifunza kusoma nyuso za watu wakinusa, maana ndizo zilizokuwa pua yake. Uso wa Lyle ulijikunja mara moja, kwa nguvu, halafu ukatulia kabisa. Akamtazama Nadine. Nadine alikuwa ametabasamu, mkono kiunoni, jibu liko kwenye ncha ya ulimi.

"Sema basi! Au imekuziba mdomo?"

Lyle akaendelea kulitazama lile tabasamu. Kisha akaifunika gilasi kwa kiganja, akaizungusha taratibu, akainywa yote mpaka tone la mwisho.

"Ni nzuri, Nadine," akasema.

Hema likasubiri yanayofuata. Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, akidhani ni mtindo mpya. Hakukuwa na yanayofuata. Lyle aligeuka akawatazama wenzake wa mstari wa mbele, mmoja baada ya mwingine, kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama watu. Marge akanusa, macho yakamtoka, akameza kama anayekunywa dawa. "Nzuri, mpenzi," akasema. Akafuata mwingine, na mwingine. "Nzuri." "Nzuri sana, Nadine." Mgeni mmoja mwenye kofia ya majani alianza kusema, "Jamani, mbona hii inanuk—" na Lyle akamkanyaga mguu.

Nadine aliendelea kumimina. Divai haikumwagika. Lakini moyoni alikuwa amerudi kwenye vuli ile ya Orrin Peck, ila upande wa pili wa jagi safari hii, na alijua sasa yule mzee alisikia nini siku ile. Hakuna tusi duniani lingeweza kumuumiza namna ile. Curtis akaja mbio kutoka kwenye vigingi, akapokea gilasi yake, akanusa, akawa mweupe kama karatasi. Swali lake la Ijumaa lilikuwa limejibiwa.

"Nzuri, Shangazi," akasema, akaimaliza gilasi.

Ufunguzi ulipokwisha Nadine alijitenga nyuma ya hema, kwenye beseni la kuoshea gilasi. Kuosha gilasi hakukuwa kazi yake, lakini hakuna aliyemzuia. Alipoigeuza gilasi ya kwanza kitu kikalia chini ya beseni. Akaingiza mkono kwenye povu, akatoa senti ya shaba iliyosuguliwa mpaka laini. Gilasi ya tatu, nyingine. Ya nne, nyingine. Hakuzihesabu. Alizipanga tu kwenye kitambaa cheupe, na ile yenye pengo pembeni aliiweka peke yake.

Walitia senti kwa siri, chini ya viganja, wapate kuinywa. Watu ambao hawanywi hata chai ya mtu bila kuikashifu.

Lyle akaja, kofia mkononi. "Nimefuata senti yangu."

"Chagua. Ziko tele."

Hakuigusa. "Tangu lini, Nadine?"

"Februari. Niliteleza kwenye ngazi."

"Miezi minane! Na mimi napita kwako kila Alhamisi. Hukuniambia."

"Ningekuambia ungenionea huruma."

Walisikiliza bendi ikianza upya ule wimbo wake wa kwanza.

"Inanuka nini?" Nadine akauliza.

"Achana nayo."

"Nimeitengeneza mimi. Niambie."

"Yai viza."

"Sana?"

"Sana, dada yangu."

Nadine akakaa juu ya kreti. Katika miaka yote ile Lyle hakuwahi kumwita dada yangu. Alimwita mchawi, alimwita bibi kizee, alimwita muuaji wa zabibu zisizo na hatia. "Curtis angeuwahi uvundo," akasema. "Ngazi kumi na moja tu, Lyle. Ningemwita angeuwahi, na pipa lingepona. Lilikuwa na waridi nyuma ya asali." Akajifuta uso kwa mkono wenye povu. "Mimi nimeanza kusahau waridi likoje. Nalijua jina lake tu. Hata Dale nimebaki na jina lake tu."

Lyle akampa leso yake ajifute povu.

"Nitukane," Nadine akamwambia.

"Nini?"

"Nimengoja mwaka mzima. Nina jibu hapa, ungelia kwa kucheka. Nitukane, Lyle, tafadhali. Sema kuku amefia ndani ya pipa. Sema chochote."

Lyle akavaa kofia, akaivua. Akajaribu kuukunja ule uso wake wa sabuni. "Hii inafaa..." akaanza. "Hii, Nadine, inafaa ku..." Akageukia ziwani. Alikaa hivyo mpaka mabega yalipotulia.

"Kesho," akasema. "Kesho nitakutukana mpaka uhame mji."

"Haya. Kesho," Nadine akasema, akampa senti yake.

Jumatatu alimkabidhi Curtis mrija wa kioo mbele ya wafanyakazi. Curtis alikataa mara mbili, kisha akaupokea akilia waziwazi, mtu mzima na sharubu zake. Pua haikurudi, si mwaka huo wala baadaye. Watu wa Stillwell walimwangalia Nadine vizuri mno: walimwondolea theluji mlangoni kabla hajaamka, walimpelekea supu, Lyle hakukosa Alhamisi hata moja. Alikuja, akaketi, akaulizia afya yake. Kahawa ya Nadine wakati mwingine ilikuwa ya jana na maziwa yamechacha. Aliinywa yote, akasema ahsante.

Sherehe iliyofuata walimwekea Nadine kiti mstari wa mbele, chenye mto. Curtis alisimama na jagi, na Lyle akainusa divai yake, akayumba, akamshika Marge begani asianguke.

"Curtis, kijana wangu," akasema, "babu yako amegeuka kaburini. Si kwa hasira. Anatafuta pa kutapikia."

Hema likalipuka. Senti ikatolewa, ikabusiwa, mkono ukatetemeka, "Tia! Tia!" Curtis akacheka mpaka akamwaga nusu ya jagi. Nadine naye alicheka na kupiga makofi. Miguuni pake alikuwa ameweka kikapu.

Kelele zilipopungua akakifungua. Alikuwa ameoka pai ya zabibu nyeusi, naye si mwokaji. Asubuhi ile aliisahau kwenye oveni. Moshi aliuona, hakuusikia. Chini ilikuwa nyeusi kama tairi, pembeni imepasuka, juu imezama. Mtu mwingine angeitupa. Nadine aliifunga kwa kitambaa kizuri kwa uangalifu, akaibeba, kwa sababu aliona hii haiwezekani isitukanwe. Hata mtawa angeitukana pai ile. Akakata kipande, kisu kikakwama, akakiweka kwenye sahani mbele ya Lyle Sprague, watu wote wakiangalia. Akaweka mkono kiunoni, akangoja.

Lyle akaitazama pai. Akamtazama Nadine. Akakata pande kubwa kwa uma, akatafuna, na tulisikia sote jinsi lilivyokuwa likilia kati ya meno yake.

"Tamu, Nadine," akasema. "Tamu sana."

Akala kipande chote, mpaka ule weusi wa chini, akasogeza sahani aongezwe. Nadine akamkatia kingine.